Kilomita za Japani na milima ya Mbooni

Kila tarehe 14 ya mwezi, jua linapotua, mazungumzo ya wenye magari humu nchini hukatika kwa muda. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, ambayo wengi twaijua kwa jina la EPRA, hutangaza bei za mafuta zitakazotumika kwa mwezi mzima unaofuata. Desturi hii ilianza Desemba 2010, enzi za tume iliyoitangulia mamlaka hiyo, na sasa imekuwa kama kuandama kwa mwezi: kila mtu hukodoa macho, na kila mtu huwa na hukumu yake.

Tangazo la Julai 2025 lilinikuta Kikima, huko juu katika milima ya Mbooni, nilikokwenda kuwaamkua wazee. Petroli jijini Nairobi ilipandishwa hadi shilingi 186.31 kwa lita, na dizeli hadi shilingi 171.58. Nilikuwa nimeketi na mpwa wangu, mwalimu wa hisabati katika shule moja ya upili ya huko, ambaye chama chao cha akiba na mikopo kilikuwa kimemwidhinishia mkopo wa kununua gari. Aliposikia tofauti ile ya bei aliruka kitini.

“Mjomba, si unasikia? Dizeli ni rahisi kwa karibu shilingi 15. Tena gari la dizeli linakwenda kilomita nyingi zaidi. Nilikuwa nasitasita, sasa nimekata shauri. Wewe ni daktari, hebu nihakikishie.”

Nilimkumbusha kwamba udaktari wangu ni wa lugha wala si wa injini, na kwamba viambishi vya Kiswahili havijawahi kupandisha gari mlima. Hata hivyo alinionyesha karatasi aliyopewa na muuzaji. Magari yalikuwa mawili, yote yametumika Japani. La kwanza dogo, la petroli, injini ya lita moja na nusu. La pili kubwa na la kuinuka, la dizeli, injini ya lita mbili na ushei, na bei yake ilizidi ya lile la kwanza kwa shilingi 300,000. Kando ya kila gari paliandikwa idadi ya kilomita linazokwenda kwa lita moja. Idadi zote mbili zilipendeza macho. Hapo ndipo nilipoona kwamba swali lenyewe, kumbe, limo katika taaluma yangu.

Sisi wanaisimu huwafundisha wanafunzi wetu tangu mwaka wa kwanza kwamba sentensi haina maana kamili hadi ujue nani aliisema, wapi, kwa nani na katika hali gani. “Kuna joto hapa” ni habari ikisemwa na mtabiri wa hali ya hewa, na ni ombi la kufunguliwa dirisha ikisemwa na mgeni chumbani. Idadi ya kilomita kwa lita nayo ni sentensi. Ilisemwa mahali fulani, na mahali hapo si Kikima.

Ilisemwa wapi basi? Ilisemwa ndani ya maabara. Gari hupandishwa juu ya magurudumu ya chuma yanayozunguka, likaendeshwa bila kusogea hata hatua moja, kwa ratiba iliyopangwa kwa sekunde. Magari mengi ya Japani ya muongo uliopita yalipimwa kwa utaratibu uitwao JC08. Utaratibu huo hudumu sekunde 1,204, yaani dakika 20 na sekunde chache. Mwendo wa wastani ni kilomita 24.4 kwa saa, na kasi ya juu kabisa ni kilomita 81.6. Hakuna mlima. Hakuna vumbi wala changarawe. Hakuna gunia la mahindi kwenye buti wala jirani wanne waliokuomba lifti siku ya soko. Tangu 2018 Wajapani wamekuwa wakihamia utaratibu mwingine, WLTC, ambao una mwendo wa kasi zaidi na unakaribiana zaidi na hali halisi, lakini nao haujui kupanda Mbooni.

Wazungu walipitia mkanganyiko huo huo. Shirika la utafiti wa usafiri safi, ICCT, lilipolinganisha takwimu rasmi na matumizi halisi ya madereva wa Ulaya, liligundua kwamba mwaka 2001 pengo lilikuwa chini ya asilimia 10, na kufikia 2015 lilikuwa limepanuka hadi karibu asilimia 42. Si kwamba madereva waliharibika tabia kwa kiasi hicho katika miaka 14. Waundaji wa magari walikuwa wamejifunza kuufaulu mtihani. Walimu mnaosoma makala haya mnalijua jambo hilo kuliko mimi: mwanafunzi aliyekaririshwa maswali ya miaka iliyopita hupata alama nzuri, kisha akashindwa kuandika barua.

Wengine hawakuishia kwenye kukariri, waliiba mtihani. Mnamo Septemba 2015 serikali ya Marekani ilifichua kwamba magari ya dizeli ya Volkswagen yaliwekwa programu iliyotambua kwamba gari linapimwa, na kupunguza sumu ya moshi kwa muda huo tu. Hiyo ilihusu moshi. Ile ya mafuta yenyewe ilikuja Aprili 2016, kampuni ya Mitsubishi ilipokiri kwamba ilitoa takwimu za uongo kuhusu matumizi ya petroli ya baadhi ya magari yake madogo, na kwamba tangu 1991 ilikuwa ikitumia mbinu za upimaji zisizokubaliwa na sheria za Japani. Siwatuhumu wauzaji wetu. Wao hunakili tu kilichoandikwa.

Sasa turudi milimani. Dizeli ina sifa zake za kweli, wala sipendi zidharauliwe. Lita moja ya dizeli ina nguvu zaidi ya lita moja ya petroli kwa zaidi ya asilimia 10, kwa sababu ni nzito zaidi. Isitoshe, injini yake huitumia nguvu hiyo vizuri zaidi. Injini ya petroli huchanganya hewa na mafuta kisha ikawasha kwa cheche ya plagi. Ya dizeli huigandamiza hewa kwa nguvu kubwa mno hadi ikawaka yenyewe mafuta yanaponyunyizwa ndani. Mgandamizo huo mkubwa ndio siri ya uchumi wake. Tena injini ya petroli inapoendeshwa polepole huwa kama mtu aliyebanwa pua: inavuta hewa kupitia mlango uliofungwa nusu, na kuvuta huko kunakula mafuta. Dizeli haina mlango wa namna hiyo wa kuizuia pumzi. Ndiyo maana lori na matatu za masafa marefu hupenda dizeli, na zina haki.

Lakini mlima haujali aina ya mafuta, unajali uzito. Niliomba kalamu nikampigia mwalimu wa hisabati hesabu ya fizikia, naye akanisahihisha mara mbili. Chukua gari dogo la petroli la kilo 1,250, ulipandishe mita 500 kwa wima. Ukizidisha uzito, kimo na mvutano wa ardhi, kisha ukumbuke kwamba injini ya petroli huigeuza robo hivi tu ya nguvu ya mafuta kuwa mwendo na nyingine ikapotea kama joto, utaona kwamba kimo hicho pekee kimekula kama robo tatu ya lita, mbali na mafuta ya kwenda mbele. Sasa chukua lile la dizeli. Injini yake ina ufanisi wa theluthi moja hivi, na mafuta yake yana nguvu zaidi, lakini gari lenyewe lina kilo 1,600. Jibu ni kama theluthi mbili ya lita. Tofauti kati ya robo tatu na theluthi mbili ni ndogo. Ile akiba kubwa iliyoahidiwa na aina ya mafuta imeliwa na ukubwa wa gari. Muuzaji hakuwa akilinganisha petroli na dizeli. Alikuwa akilinganisha gari dogo na gari kubwa, akaliita jambo hilo kwa jina jingine.

Nifungue mabano kidogo hapa. Kuteremka hurejesha sehemu ya kile kilicholipwa katika kupanda, ila kwa sharti. Madereva wengi wa milima yetu, wakianza kuteremka, hutoa gia ili gari litiririke lenyewe, wakiamini wanaokoa mafuta. Katika injini za zamani za kabureta imani hiyo ilikuwa na msingi. Katika injini za leo, ukiuachia mguu mafuta na gia ikiwa ndani, kompyuta ya gari huyakata mafuta kabisa na magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiitoa gia, injini inalazimika kunywa mafuta ili isizimike. Kwa hiyo dereva huyo anapoteza mafuta, na breki zake zinachemka pia.

Kuna mtego mwingine ambao ni wa lugha kabisa. Sisi huuliza, “Lita moja inakwenda kilomita ngapi?” Watu wa bara Ulaya huuliza kinyume: “Kilomita 100 zinakunywa lita ngapi?” Waweza kudhani ni jambo lile lile. Hebu fikiria gari la kilomita 8 kwa lita likibadilishwa kwa la kilomita 10, na jingine la kilomita 16 likibadilishwa kwa la kilomita 20. Masikio yetu yanasikia nyongeza ya 2 na nyongeza ya 4, na kuamini kwamba mwenye gari la pili amefaidi zaidi. Piga hesabu kwa kilomita 100. Wa kwanza alitumia lita 12.5, sasa anatumia 10. Ameokoa lita mbili na nusu. Wa pili alitumia lita 6.25, sasa anatumia 5. Ameokoa lita moja na robo, yaani nusu ya mwenzake. Anayepaswa kuhangaika zaidi ni mwenye gari linalokunywa sana. Mpwa wangu aliapa kuwapa wanafunzi wake wa kidato cha tatu swali hilo Jumatatu.

Vipi kuhusu shilingi 15 zilizomrusha kitini? Sehemu kubwa yake haitoki Uarabuni wala katika meli. Ni kodi. Ushuru wa bidhaa kwa lita ya petroli umekuwa karibu shilingi 22, na kwa dizeli ni shilingi 11 na senti kadhaa. Ushuru wa kutunza barabara, ambao ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 Julai 2024, hauchagui. Wala kodi ya thamani, ambayo kwa mafuta ilipandishwa hadi asilimia 16 Julai 2023. Serikali huipunguzia dizeli mzigo kwa sababu ndiyo inayovuta lori, trekta na matatu, na bei yake ikipanda, unga nao hupanda. Huo ni uamuzi wa siasa, na siasa hubadilika kabla mkopo wa mwalimu haujaisha.

Si dhana yangu. Mnamo Septemba 2022 ruzuku ya petroli iliondolewa, nayo petroli ikafika shilingi 179.30 jijini Nairobi. Dizeli iliachiwa ruzuku ya shilingi 20.82 kwa lita, ikauzwa shilingi 165. Jumlisha: bila ruzuku hiyo ingeuzwa shilingi 185.82, yaani ghali kuliko petroli. Miezi 13 baadaye, Oktoba 2023, petroli ilifika shilingi 217.36 na dizeli 205.47, na pengo likawa chini ya shilingi 12. Anayenunua gari la dizeli kwa sababu ya bei ya mwezi huu anajenga nyumba juu ya kivuli cha mti: mchana wa leo kiko hapa, jioni kiko kwa jirani.

Basi tukaketi kupiga hesabu ya shilingi kwa kilomita, ambayo ndiyo hesabu pekee inayomhusu mwenye mfuko. Tukakadiria kwamba lile la petroli litakwenda kilomita 12 kwa lita katika barabara zetu, na la dizeli 15, makadirio ambayo yanalipendelea la dizeli. Kwa bei za Julai 2025, kilomita moja ya petroli ni shilingi 15.53, na ya dizeli ni shilingi 11.44. Tofauti ni shilingi nne na senti tisa. Mtu anayeendesha kilomita 10,000 kwa mwaka ataokoa kama shilingi 40,900. Na ile ziada ya shilingi 300,000 ya kununulia gari itarudi baada ya miaka saba na ushei, kabla hatujagusa riba. Tukarudia kwa zile bei za 2022 bila ruzuku: karibu miaka 12.

Mwenye pikapu anayeshusha maembe ya Makueni hadi Nairobi, akifikisha kilomita 60,000 kwa mwaka, ataokoa shilingi 245,000 kila mwaka kwa hesabu ile ile, na ziada yake itakuwa imerudi baada ya miezi 15 tu. Petroli kwake ni hasara. Kikima ni ile ile, barabara ni ile ile, bei ni ile ile, na majibu mawili tofauti yote ni ya kweli.

Mwalimu ana shida nyingine ambayo msafirishaji hana. Safari yake ni fupi. Injini za kisasa za dizeli zina chujio la masizi ndani ya bomba la moshi, na chujio hilo hujisafisha kwa joto la mwendo mrefu na wa kasi. Gari linaloenda kilomita sita hadi shuleni na kurudi, siku tano kwa juma, halipati joto hilo. Chujio huziba, taa huwaka mbele ya dereva, na fundi huitwa. Magari haya pia yanadai dizeli safi. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba salfa katika dizeli isizidi sehemu 50 kwa kila milioni, hatua ambayo ilifanya magari hayo yawezekane kwetu. Lakini dizeli ikichanganywa na mafuta ya taa, vinyunyizio ambavyo mafundi huviita nozeli huumia. Uchanganyaji ulikuwa umeshamiri kiasi kwamba mwaka 2018 bunge liliyatoza mafuta ya taa shilingi 18 za ziada kwa lita ili kuua faida yake, mzigo ambao ulimwangukia mama mwenye kibatari. Na bado, katika tangazo hilo la Julai 2025, mafuta ya taa yalikuwa shilingi 156.58, yaani shilingi 15 chini ya dizeli.

Haya yote, hata hivyo, yalikuwa makadirio yangu na yake, nami sikutaka aondoe takwimu ya muuzaji na kuweka ya mjomba. Nilimwambia atafute mwenzake mwenye gari la aina hiyo hiyo na wapime. Njia ni rahisi: jaza tangi hadi bomba la pampu lijikate lenyewe, andika kilomita, endesha siku zako za kawaida, rudi kwenye pampu ile ile, jaza tena vivyo hivyo, kisha gawanya kilomita ulizoenda kwa lita zilizoingia. Ufanye hivyo mara tatu au nne, maana mara moja hudanganya.

Ndipo tulipogundua kikwazo ambacho hakimo katika kitabu chochote cha injini. Siku iliyofuata tulisimama kwenye kituo cha mafuta kwa zaidi ya nusu saa, tukisikiliza. Hakuna hata mteja mmoja aliyetaja lita. “Weka ya mia tano.” “Nipe ya elfu.” “Ya mia mbili, nitarudi jioni.” Tangi halijazwi, kwa kuwa mshahara hauruhusu, na kwa kuwa halijazwi, hakuna anayejua gari lake linakunywa nini. Mafuta yamekuwa kitu kinachopimwa kwa shilingi katika vinywa vyetu, na bei inapopanda mtu husema gari limeanza kula sana, ilhali gari ni lile lile na lita ndizo zilizopungua. Nimefundisha semantiki kwa miaka mingi bila kupata mfano bora kuliko ule.

Mwenzake mmoja alikubali kujaza tangi, wakachangiana gharama. Wiki tano baadaye mpwa wangu alinipigia simu. Daftari lilikuwa na mistari minne. Walipopanda na kushuka milimani siku za shule, gari lilienda kilomita 11 na kidogo kwa lita. Wiki waliyokwenda Machakos mara mbili, lilifika 14. Kwenye karatasi ya muuzaji ilikuwa 21. Lililomshangaza zaidi lakini si hilo. Alikuwa amehesabu safari zake zote za mwaka, shule, soko, kanisa na mazishi, akapata kilomita 7,000 badala ya zile 15,000 alizokuwa akizitaja kwa kujiamini. Kwa kilomita hizo, ziada ya gari la dizeli ingerudi baada ya zaidi ya miaka kumi.

“Kwa hiyo utanunua la petroli?” nilimwuliza.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, “Mjomba, hebu tupige kwanza hesabu ya bodaboda.”